Kengele Chini ya Mlima Vunjagoti

Paukwa!

— Pakawa!

Baba Shani, zima redio hiyo. Nimesema paukwa!

— Pakawa!

Haya. Watoto mbele, wakubwa nyuma, maana hadithi ya leo ni ya wote na haina utamu mwingi. Atakayelia alie tu, sitambembeleza.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo watu walitembea kwa miguu na wanyama ndio waliokuwa na baiskeli, palikuwa na nchi moja kavu. Huku mbuga, kule mbuga, katikati mlima. Mlima wenyewe uliitwa Vunjagoti. Ukitaka kwenda upande wa pili utaupanda, upende usipende.

Wanyama wa nchi ile walikuwa na desturi. Mwenye baiskeli akifika chini ya mlima anapiga kengele. Ngriling! Ngriling! Yeyote aliyeko mlimani akisikia, anaacha alichokuwa akifanya, anateremka, anashika keria kwa nyuma, anasukuma. Haulizi wewe nani. Haulizi umebeba nini. Anasukuma tu, hee-ya, hee-ya, mpaka juu. Mkifika juu, asante, kwaheri.

Siku zile baiskeli zilikuwa chache. Nyati alikuwa nayo, alibebea chumvi. Ngiri alikuwa nayo, na yeye alibebea mtoto.

Ngiri huyu aliitwa Mama Chembe. Mwanawe Chembe alizaliwa na kifua kibovu. Ngiri wenzake wakikimbia mkia juu, yeye anakimbia kidogo tu, kisha kifua kinambana, anavuta pumzi hiii, hiii, hiii, midomo inageuka rangi. Dawa yake ilikuwa ng'ambo ya mlima, kwa Mganga Kakakuona. Kakakuona alikuwa na majani yake, anayachemsha, anamfukiza mtoto, kifua kinafunguka. Lakini sharti afike mapema. Akichelewa, majani hayasaidii kitu.

Basi Mama Chembe akanunua baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria pana. Akafunga kapu nyuma. Akalifunika kapu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Kandokando akafunga riboni nyekundu, maana Chembe alizipenda. Zikipepea alizitazama akatulia, na akitulia anavuta pumzi vizuri.

Kifua kikibana, Ngiri anapanda baiskeli. Chwaka-chwaka, chwaka-chwaka, mpaka chini ya Vunjagoti. Ngriling! Wanyama wanateremka, wanasukuma, anafika, mtoto anapona. Wakirudi, Chembe anatoa kichwa nje ya kapu na kucheka kwa upepo. Ndivyo alivyokua.

Mambo yangekuwa hivyo siku zote, lakini baiskeli zikaja kuwa fasheni.

Nani alianza? Pundamilia. Alinunua baiskeli nyembamba yenye tairi kama kamba, akapita nayo sokoni mara ya kwanza, akapita mara ya pili, wala hakununua kitu. Wanyama wakatazama. Pundamilia akasema milia yake imeumbwa kwa ajili ya baiskeli. Wiki haikuisha, Nyani naye anayo, na miwani ya jua juu. Mbuni akanunua yake. Mbuni! Mbuni ambaye kwa miguu yake anaipita baiskeli yoyote, akanunua baiskeli, akawa anachelewa kila aendako.

Msicheke sana. Ninyi wenyewe nawajua.

Wakafanya kilele cha Vunjagoti kuwa baraza lao. Kutwa wako pale juu, wanapaka cheni mafuta, wanasugua rimu, wanazungumza baiskeli. Na kwa kuwa walikuwa juu, wao ndio waliosikia kengele.

Sasa siku moja Nyani akapiga kengele chini. Ngriling! Ngriling! "Jamani, nimembeba bibi yangu mgonjwa, nisukumeni!" Wakateremka wakasukuma, hee-ya, hee-ya, jasho chururu. Kufika juu, wakafunua mzigo. Bibi yuko wapi? Kioo na kitana. Nyani alikuwa anakwenda ngomani.

Wengine wakacheka. Pundamilia hakucheka. Akasema, "Tunachezewa. Siku hizi kila mtu ana baiskeli, na wengi wanafuata mkumbo tu. Kuanzia leo, kabla hatujamsukuma mtu, tutamuuliza: unaendesha baiskeli kwa nini? Mwendeshaji wa damu tutamsukuma. Wa mkumbo ajisukume."

Wakakubali wote. Hata Nyani akakubali, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Wakaanza kuuliza. Na wanyama wakajifunza kujibu. Nyani alipoulizwa akavua miwani, akafumba macho, akasema, "Naendesha kwa sababu nikiendesha najiona nimezaliwa upya." Lo! Wakamsukuma mpaka juu na kumpigia makofi. Mbuni akasema, "Naendesha kwa sababu barabara inaniita." Akapita. Nyati akasema, "Nabeba chumvi." Wakamtazama, wakaguna. Huyo wakamwacha, akajisukuma na chumvi yake.

Akaja Mama Chembe. Ngriling! Ngriling!

Pundamilia akauliza kutoka juu, "Unaendesha kwa nini?"

"Nampeleka mtoto kwa mganga."

"Hiyo ni safari, Mama Chembe. Hiyo siyo sababu. Sababu ya moyoni ni ipi?"

Ngiri hakuelewa. "Moyoni? Mwanangu anaumwa kifua, baba. Nisukume."

Siku ile wakamsukuma kwa kusitasita. Jioni akarudi, na Chembe kichwa nje ya kapu, kikwi kikwi kikwi, anacheka na riboni zake.

"Mnaona?" akasema Nyani. "Mgonjwa gani anacheka vile?"

"Na zile riboni," akasema Pundamilia. "Mwenye mgonjwa anapata wapi moyo wa kufunga riboni? Huyu ametuona sisi, akatamani. Mtoto ni kisingizio."

Mbuni akasema, "Lakini yeye alikuwa na baiskeli kabla yetu."

"Kuwa nayo si kitu," Pundamilia akamjibu. "Sisi ndio tunaojua baiskeli ni nini." Mbuni akarudi kusugua rimu yake, maana alipenda sana kukaa pale juu na wenzake.

Mambo yakaishia hapo? Hayakuishia.

Ukaja wakati wa kiangazi. Upepo ukavuma, vumbi likajaa mbuga nzima. Asubuhi moja Chembe akaamka, hiii, hiii, hiii. Mama yake akamtazama midomo, akajua. Hakuwasha moto, hakunywa maji. Akamtia mtoto kapuni, akamfunika, akapanda. Chwaka-chwaka, chwaka-chwaka. Upepo unamrudisha nyuma, yeye anakwenda mbele. Akafika chini ya Vunjagoti.

Ngriling! Ngriling! Ngriling!

Kule juu wakachungulia. Wakaona nini? Wakaona baiskeli nyeusi, kitambaa, na riboni nyekundu zinapepea kwa upepo, prrr, prrr.

"Huyo amekuja tena," akasema Nyani. "Leo upepo mzuri, anataka riboni zionekane."

Pundamilia akaweka mikono mdomoni, akaita, "Unaendesha kwa nini?"

Sauti ya Ngiri ikapanda na vumbi, "Mwanangu anakufa! Teremkeni!"

"Zamani alikuwa anaumwa," Nyani akasema, "leo anakufa. Kesho atakuwa amezikwa, kesho kutwa tutamwona anacheka."

Wakacheka. Mbuni akainuka. "Nishuke nikaone?"

"Shuka," akasema Pundamilia, "lakini ukishuka usirudi kukaa nasi. Ukimsukuma wa mkumbo, wewe pia ni wa mkumbo."

Mbuni akasimama. Akatazama chini. Akatazama wenzake. Akakaa.

Basi Mama Chembe akasukuma peke yake. Mnajua Vunjagoti ulivyo? Mawe madogo, ukikanyaga yanateleza, unapanda kidogo unarudi kidogo. Akasukuma na kuimba, ili mtoto asikie sauti yake. Nanyi itikieni, tumsindikize.

*Panda, gurudumu, panda,*
— Panda!
*Chembe yangu yuko nyuma,*
— Panda!
*Panda, gurudumu, panda,*
— Panda!
*Mganga yuko ng'ambo.*
— Panda!

Kapuni: hiii, hiii, hiii.

Alipochoka miguu akapiga magoti, kama ngiri anavyopiga magoti akila majani. Akasukuma kwa magoti. Mawe yakamchuna ngozi. Akafika katikati, akapiga kengele tena. Ngriling!

Juu wakaisikia. Wakabishana. Mmoja akasema kengele ile inalia kwa madaha. Mwingine akasema hapana, inalia kwa uchovu, lakini uchovu ni haki yake, nani alimtuma? Ikawa ndiyo mazungumzo yao, kengele inavyolia. Na mama yuko magotini.

*Panda, gurudumu, panda...*

Hapa msiitikie. Hapa hakuwa na pumzi ya kuimba.

Kapuni: hiii. Kisha kimya. Kisha hiii. Kisha kimya.

Jua likapanda, naye akafika juu. Magoti damu. Akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe. Pundamilia akamjia akitabasamu, akasema, "Karibu, Mama Chembe. Umefika mwenyewe, si ndiyo vizuri? Sasa tuambie kweli, unaendesha kwa nini?"

Mama Chembe akafunua kitambaa.

Tabasamu likamtoka Pundamilia. Nyani akavua miwani, na safari hii hakufumba macho. Mtoto alikuwa amelala upande, mdomo wazi, rangi ya majivu.

Mbuni ndiye aliyepiga kelele. Akalifungua kapu kutoka kwenye keria, akalikumbatia kwa mabawa, akakimbia. Kwa miguu. Baiskeli yake akaiacha imelala pale. Vumbi likaruka, wala hakuna aliyewahi kuona mnyama akiteremka mlima namna ile. Kufumba na kufumbua yuko ng'ambo, mlangoni kwa Kakakuona.

"Mganga! Mganga! Mtoto!"

Kakakuona akatoka. Akaweka mkono kifuani mwa Chembe. Akaweka sikio. Akakaa hivyo muda mrefu, na sufuria ya majani inachemka nyuma yake, bwata bwata bwata, maana palipokuwa na vumbi alijua Chembe atakuja, akawa ameiteleka mapema.

Akauliza, "Umekimbia kutoka wapi?"

"Kileleni."

"Kwa mwendo huu?"

"Kwa mwendo huu."

Kakakuona akasema, "Kengele yake niliisikia huku kwangu. Ya kwanza niliisikia, na ya pili niliisikia. Nikasema wanamsukuma, anakuja." Akaipua sufuria, akaimwaga dawa chini.

Chembe akazikwa.

Msiba ule ukawashika wanyama wote. Pundamilia alilia, nami nasema alilia kweli. Akachukua majivu ya jikoni, akapaka baiskeli yake kuanzia usukani hadi keria, ile rangi nzuri yote ikafichika. Akasema, "Naomboleza." Kesho yake Nyani akapaka majivu. Wakapaka swala, wakapaka nyumbu, wakapaka hata ambao hawakumjua Chembe. Ukipita barabarani, baiskeli zote kijivu. Asiyepaka wanamtazama vibaya. Wengine wakawa wanachagua majivu, ya mti huu ni meusi mno, ya mti ule yanang'aa vizuri.

Ndipo maneno yakaanza. "Yule amepaka kwa uchungu kweli, au ametuona sisi?" "Yule juzi alikuwa anacheka, leo majivu." "Mimi nilipaka kabla yako." Wakagombana kileleni mpaka wakashikana mashati. Na chini ya mlima Nyati alikuwa anapiga kengele, ana chumvi yake, hakuna aliyesikia.

Mwishowe Pundamilia akasema, "Twendeni kwa mwenyewe. Mama Chembe ndiye mfiwa. Yeye atatuambia nani anaomboleza kwa moyo na nani anafuata mkumbo."

Wakaenda, msafara wa baiskeli za majivu, mpaka kwenye shimo la Ngiri. Wakabisha hodi. Mama Chembe akatoka. Alikuwa amekonda. Magoti yake yalikuwa na makovu meusi.

Pundamilia akainama. "Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Tumekuja utuamue. Tuangalie mmoja mmoja. Nani kati yetu ana majonzi ya kweli?"

Mama Chembe akawatazama wote, na baiskeli zao.

Akasema, "Pundamilia, mimi sijui. Huenda nyote mna majonzi ya kweli. Na siku ile huenda mngenisukuma kwa kunionea huruma, huenda mngenisukuma ili msifiwe, huenda mngenisukuma kwa kuwa mwenzenu mmoja kaanza. Yoyote kati ya hayo, mwanangu angekuwa hai."

Nyani akaangalia chini.

Mama Chembe akageuka, akaanza kuingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wote waingiavyo. Ukatangulia mkia, ukafuata mgongo, yakafuata mabega. Uso ukabaki nje mwisho, unawatazama. Kisha nao ukaingia gizani, na humo ndani macho yake yakawa bado yanawatazama.

Haya. Funzo nalisema wazi, nisije nikaambiwa nimelificha. Moyo wa mwenzako hujapewa kuuona. Mlima anaoupanda unauona. Msukume kwanza. Kwa nini ameendesha, kwa nini kafunga riboni, kama anafuata fasheni au hafuati, hayo hayakuhusu, na ukikaa kuyachambua mtu anakufa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Ngiri. Nendeni mkalale.