Mwanakheri na Kenge wa Kisiwani

Sogeeni wenye masikio. Asiye nayo na aazime kwa jirani.

Hapo kale Mwanakheri, mwanamke asiyependa kusimuliwa, alipiga kasia hadi kisiwa cha kenge wakubwa kama mitumbwi, ili awaone kwa macho yake.

“Hodi!” akaita ufukweni.

“Karibu, binti yangu,” akajibu kenge mkuu.

Siku ya kwanza kenge wakampa samaki wa kuchoma, wakamtazama akila. Siku ya pili wakampa kaa wa kuchemsha, wakamtazama akila. Mwanakheri akawaza, “Mama yangu! Ng’ombe wa sikukuu naye hulishwa hivi hivi.” Akaukimbilia mtumbwi wake, akaukuta umelaliwa na kenge saba.

Siku ya tatu hakupewa kitu. Kenge wakamzunguka kimya, na mkuu wao akafunua kinywa kipana kama mlango wa ghala. Mwanakheri akafumba macho, akatoa shahada.

Kitu kizito kikaanguka miguuni pake, kwaa! Akafumbua jicho moja. Lilikuwa jembe, pamoja na mpini wake.

“Usituone vibaya,” kenge mkuu akasema kwa haya. “Kwetu sisi mtu huwa mgeni siku mbili tu. Shamba lile pale.”

Mwanakheri akacheka hadi akakaa chini. Kisha akalima mpaka jioni bila kupumzika, maana hakuna jembe jepesi kama la mtu aliyedhani ataliwa. Wakamwachia mtumbwi wake, akarudi kwao salama.

Nami mihogo ya shamba lile nimeionja. Basi, kama humu ndani yumo mgeni wa siku ya tatu, jembe liko nyuma ya mlango.