Kivuli cha Mize

Haya, sogeeni, na mwenye wivu akae mbele nimwone.

Mwanakheri alipanda maua madogo ya buluu penye unyevunyevu, chini ya mgomba, na mume akayasifu. Mize, mke mwenzake, roho ikamuuma. Akakata majani ya mgomba ili jua liyaunguze maua hayo. Maua yakazidi kuchanua. Akakata shina, yakazidi. Akang'oa kisiki, na zimwi likaibuka shimoni.

“Nani kaniondolea kivuli?”

“Mwanakheri!”

“Mbona kivuli chako ndicho kilichoshika panga?”

Likamvua Mize kivuli kama kanga, likakitandaza juu ya maua. Hadi leo Mize anatembea juani bila kivuli, na maua ya mwenzake yanastawi chini ya kivuli chake.

Wewe uliyekaa mbele, hebu tazama miguuni kwako.