Panya Buku na Visima vya Bibi Kobe

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Ya kweli au ya uongo?
— Ya uongo, mradi ituchome!
Basi kaeni vizuri. Na wewe huko nyuma zima hiyo simu, maana hadithi hii siirudii. Kila nikiisimulia roho inaniuma.

Hapo kale, ila si kale sana kwa sababu umeme ulikuwapo, wanyama wa Msitu wa Kiduru walikuwa na kompyuta moja na soketi moja. Karani wa kompyuta alikuwa Fisi. Ndani ya kompyuta alikaa Panya Buku, yule panya mwenye mashavu makubwa ya kubebea vitu. Fisi akibonyeza, ta-ta-ta, neno linamwangukia Panya. Panya analibeba, anakimbia nalo hadi nyuma kwenye diski, analichora, kwi-kwi-kwi, anarudi mbio na kusema, "Tayari!" Neno likishachorwa kwenye diski halifutiki hata umeme ukatike. Lakini likiwa bado shavuni, ole wake, kwa sababu taa ikizimika ghafla Panya hushtuka, na akishtuka humwaga kila kitu.

Siku moja asubuhi akaja Bibi Kobe, kru, kru, kru. Alikuwa amezeeka mno na pumzi zimeanza kumwishia. Yeye peke yake ndiye aliyejua visima vya kiangazi, vile vilivyofichika chini ya mchanga. Vilikuwa arobaini, na mvua ikigoma, ndivyo vilivyouokoa msitu. Baraza la msitu likamwambia Fisi, "Viandike vyote kabla jua halijafika utosini, tukupe ubavu mzima wa nyama."

Bibi Kobe akaanza kutaja. Ta-ta-ta. Kwi-kwi-kwi. "Tayari!" Ta-ta-ta. Kwi-kwi-kwi. "Tayari!" Walipofika kisima cha kumi na mbili, Panya alikuwa anahema na Fisi anameza mate.

"We Panya, harakisha!"

"Mjomba Fisi, miguu imeniisha nguvu. Nipe japo kifupa nitafune nikipumzika."

"Mfupa ni wangu, na nyama ni yangu. Wewe kimbia!"

Panya akakuna kichwa. "Hivi, mjomba, unachotaka ni maneno yachorwe, au unataka kusikia 'tayari'?"

"Nataka kusikia 'tayari'! Ubavu unanisubiri!"

"Haya, mjomba. Nimekusikia."

Ta-ta-ta. Neno likaingia shavuni. "Tayari!" Ta-ta-ta. Shavuni. "Tayari!" Panya hakuinua hata unyayo. Alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta, miguu ameinyoosha, anajisemea kwamba wakimaliza atavichora vyote taratibu. Fisi akacheka, hi-hi-hi-hii! "Leo umekuwa mwanamume, Panya!" Kumbe anachezewa, jinga la watu.

Kisima cha arobaini Bibi Kobe alikiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu hicho hakijawahi kukauka. Akakitaja pole pole, kisha akauliza, "Kimeingia, mjukuu wangu?"

"Hayayi!" akajibu Panya, mashavu yamemvimba hata 'tayari' haitamkiki.

"Kimeingia, Bibi," akasema Fisi.

Bibi Kobe akashusha pumzi. Akarudisha kichwa ndani ya gamba, na hakukitoa tena.

Sasa, Fisi huyu alikuwa wa kisasa, nyama mbichi hali. Alipokabidhiwa ubavu wake akaleta jiko la umeme, akatafuta soketi, akaushika waya wa kompyuta. Panya akamwona. Alitaka kupiga kelele, "Subiri!" lakini mdomo ulikuwa umejaa visima ishirini na vinane.

"Mmm! Mmm! Mmm!"

"Unaimba nini? Si umesema tayari?"

Chwap! Akauchomoa. Taa ikazimika, Panya akashtuka, mdomo ukafunguka, pwaaa! Visima vyote vikamwagika gizani humo ndani, na alipopapasa hakupata hata kimoja.

Kiangazi kikaja, kikali kweli. Wanyama wakawasha kompyuta. Wakasoma kisima cha kwanza, cha pili, wakasoma hadi cha kumi na mbili, na baada ya hapo kioo kilikuwa cheupe. Vile kumi na viwili wakavichimba, wakavinywa, vikaisha. Fisi akatandikwa, pu! pu! pu!, hadi mgongo ukamwinamia nyuma, na mpaka leo haujanyooka. Panya hakuguswa, maana Fisi mwenyewe alikiri kwamba alichotaka ni 'tayari' tu.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikicheka hapo. Siku hizi sicheki. Mama Swala alichimba huku na huku, akapata mchanga, na watoto wake wawili wamelala kando hawainuki. Panya akaenda kwenye gamba la Bibi Kobe, akaligonga, ngo, ngo, ngo.

"Bibi, nitajie kimoja tu. Kile cha mwisho. Safari hii nitakimbia."

Akagonga tena, ngo, ngo, ngo. Aligonga hadi kucha zikamtoka damu.

Nimewapa, mmepokea?
— Tumepokea!
Basi kabebeni na funzo lake: mkipata mfanyakazi anayejibu "tayari" kabla hamjamaliza kusema, mpandisheni cheo. Yule anayesema "ngojeni kidogo, bado naandika," mfukuzeni leo leo. Anawachelewesha.