Jina la Kuandika kwenye Tangi la Lukonge

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni mimi sitaamua. Mtaamua ninyi.

Halmashauri ya mji mdogo wa Lukonge ilikuwa na watumishi watatu, kila mmoja na kipaji chake. Deusi Mlinga, bwana afya, alijaliwa jicho: akitazama choo na kisima, alijua ugonjwa utapita wapi. Leokadia Sanga, afisa habari, alijaliwa kalamu: jambo la kurasa kumi alilisema kwa mistari mitatu, na bibi asiyejua kusoma akisomewa, anaelewa. Kasimu Ngwatu, mpiga mbiu, alijaliwa sauti. Ndiye aliyetangaza misiba na mbuzi waliopotea, hata watu wakawa wanasema, "Kama Kasimu hajalisema, bado halijatokea."

Masika moja mvua ilifurisha vyoo vya mtaa wa Msufini, uchafu ukaingia kisimani. Watu wakaanza kuharisha mmoja mmoja. Deusi akapima maji, akaenda kwa mkurugenzi.

"Ni kipindupindu," akasema. "Tuwaambie watu leo hii."

"Mnada mkubwa ni wiki hii," mkurugenzi akamjibu. "Ukilitamka neno hilo, hakuna mfanyabiashara atakayekanyaga hapa. Waambieni wazingatie usafi, inatosha."

Deusi hakubisha tena. Lakini alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Maji ya kisimani usiyaguse."

Leokadia akaelezwa na Deusi alichokiona, kisha akapewa kazi ya kuandika tangazo. Akaandika: "Wakazi mnakumbushwa kuzingatia matumizi ya maji safi na salama katika kipindi hiki cha masika." Aliisoma sentensi yake, akaona haina kitu ndani. Akaitoa hivyohivyo. Kisha akampigia simu mama yake: "Mama, chemsha maji yote, hata ya kusukutulia."

Kasimu alipokabidhiwa tangazo aliuliza kulikoni, Leokadia akamnong'oneza ukweli. Kasimu akawaonya wa kwake, akapanda pikipiki yenye kipaza sauti, akalisoma mtaa kwa mtaa. Pale Msufini, Mwasiti, muuza vitumbua, akamsimamisha.

"Kaka Kasimu, kuna jambo?"

"Hakuna, dada. Ni mambo ya kila masika."

Mwasiti akamshukuru, akachukua ndoo yake, akaelekea kisimani.

Mnada ulifana. Baada yake, Hamduni, mume wa Mwasiti, aliamka anaharisha, na jua halijafika utosini alikuwa amekwisha kufa. Wakafuata mtoto wa jirani na bibi mmoja wa mtaa wa pili.

Wale watatu walikwenda msibani kwa Hamduni. Wakaingia kumpa pole Mwasiti, aliyekuwa ameketi mkekani. Hakulia. Alimtazama Kasimu, akasema taratibu:

"Mkeo amekuja msibani kwangu na dumu lake la maji. Nimemkaribisha ya kwangu, akakataa. Mlijua nini, kaka?"

Kasimu akalitazama lile dumu kando ya mkewe. Deusi akainamisha kichwa. Leokadia akajifunika uso kwa kanga, na pale pale kila mmoja akaelewa kwamba mwenzake naye alikuwa amewaonya wa kwake.

Walipotoka hawakwenda kuomba ruhusa kwa mtu.

Deusi alikwenda kisimani, akafunga mfuniko kwa mnyororo, akasimama mbele yake. Alitukanwa, akasukumwa mpaka akaanguka matopeni. Akainuka, akasimama tena.

Leokadia aliandika upya: "Lukonge kuna kipindupindu. Maji ya kisima cha Msufini yanaua. Chemsha kila tone, hata litokalo kwingine. Ukiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, usingoje, njoo kituo cha afya." Chini hakuweka jina la ofisi, aliweka lake.

Kasimu alilitangaza. Watu wakamcheka. "Juzi ulisema ni masika," kijana mmoja akamwambia. "Leo tuamini lipi?"

Kasimu akazima pikipiki.

"Juzi nilijua," akasema. "Kwangu tulichemsha, kwenu nikanyamaza. Nina aibu, lakini aibu yangu haichemshi maji yenu. Chemsheni."

Hakuna aliyecheka tena. Meko yakawashwa mtaa mzima. Wagonjwa wakapungua, hadi kitanda cha mwisho pale kituoni kikabaki kitupu.

Mkurugenzi aliondolewa. Msufini pakajengwa tangi jipya la maji, na wakazi wakataka liitwe kwa jina la aliyewaokoa. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Wengine walisema, bila Deusi tungeendelea kuteka tukijadili. Wengine wakasema, bila maneno ya Leokadia tungeuvunja ule mnyororo. Wengine wakasema, bila Kasimu kujivua nguo mbele yetu, maneno yale tungeyapuuza kama yale ya kwanza. Wakashindwana, wakampa Mwasiti brashi na rangi.

"Usiniandike mimi," Deusi akasema. "Nilijua wa kwanza."

"Wala mimi," Leokadia akasema. "Maneno nilikuwa nayo, nikawanyima."

Kasimu akasogea mbele. "Mimi uliniuliza ana kwa ana, dada."

"Basi aandikwe Hamduni," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma.

Mzee aliyekuwa kando yake akatikisa kichwa. "Hamduni Mungu amrehemu, lakini hakuokoa mtu. Na tukiwakataa hawa, siku nyingine nani atathubutu kukiri kwamba alituficha? Wote watanyamaza hadi mwisho."

Mwasiti alichovya brashi. Akawatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeweza kumtazama. Rangi ikaanza kudondoka mchangani.

Haya, wasikilizaji wangu, brashi hiyo nawakabidhi ninyi. Aliyewafungia kisima, aliyewaandikia ukweli, aliyeutangaza, au aliyekufa kwa sababu wote watatu walikawia: wewe ungeandika jina la nani?