Mkono Ulioganda wa Mwenyekiti

"Mkono ulioganda hausemi kweli." Mmeisikia methali hiyo karakanani, mkacheka, kisha mkaniuliza ni mkono wa nani huo na uligandishwa na baridi gani. Baridi haikuwapo, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Chama cha viziwi cha Tuonane kilikuwa na karakana ya ushonaji, na kila mwezi Penina Gwau, naye kiziwi, aliwatumia wanachama jarida kwenye simu zao. Mwezi mmoja ukazuka uvumi kwamba karakana itafungwa. Penina aliona maandishi hayatatosha, kwa kuwa wengi wao Kiswahili cha kusoma kiliwapa taabu. Lugha yao ilikuwa ya alama. Akamwomba mwenyekiti, Mzee Elieza Mkumbo, asimame mbele ya kamera awajibu mwenyewe, ili video hiyo aiweke ndani ya jarida.

Mzee alijibu vizuri. Alikutanisha viganja, yaani "kufunga", huku akitikisa kichwa, yaani "hapana". Karakana haifungwi. Penina akakata salamu zote ili video ianzie hapo hapo kwenye jibu. Kompyuta ilipomuuliza aihifadhi kwa aina gani ya faili, akachagua ile iliyosifiwa kwa picha safi kuliko zote. Akaitazama, ikacheza bila kukwama. Akalituma jarida, moyo ukatulia.

Kesho yake asubuhi alimkuta Bi Tatu Njiku mlangoni na mkokoteni, amekuja kuchukua cherehani chake. Wengine walikuwa wameshatoa vyao nje. Penina akauliza kuna nini. Wakamjibu kwamba anajua vizuri, jarida ni lake. Akazidi kuchanganyikiwa. Alipowaambia karakana haifungwi, wakamtazama kama mtu anayewadhihaki. Mzee Elieza alipofika wengi wakampa kisogo, na kwa viziwi kumpa mtu kisogo ni kumnyang'anya maneno. Naye akamgeukia Penina, akamuuliza maneno yake ameyakata wapi.

Penina akajishuku mwenyewe. Akakumbuka alivyoikata video, asione kosa. Huku vyerehani vinaondoka kimoja kimoja, na karakana isiyo na vyerehani, hata bila kufungwa, imekwisha.

Ndipo Bi Tatu akamsogezea simu usoni. Mzee Elieza alikuwa pale, viganja vimekutana, uso mkavu. Penina akabonyeza. Hakuna kilichosogea. Akabonyeza tena, Mzee akabaki vile vile. Akaomba simu ya mwingine, kisha ya mwingine. Wote walikuwa na Mzee yule yule, ameganda. Faili lake halikufunguka kwenye simu hata moja. Lilikuwa limewaachia picha ya kwanza tu.

Akamshika Mzee mkono, akamsimamisha mbele ya watu.

"Waambie tena," alisema kwa alama. "Kama ulivyoniambia mimi."

Mzee akakutanisha viganja, kichwa kikatikisika. Bi Tatu akamtazama, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Kumbe kichwa kilikuwa kinakataa," alisema polepole. "Mwanangu, mkono ulioganda hausemi kweli."

Vyerehani vikarudishwa ndani, ila viwili vilivyokwisha kuuzwa njiani. Penina aliihifadhi video upya kwa aina ya faili inayofunguka hata kwenye simu kuukuu, akaipunguza uzito, na chini yake akaandika kwa kifupi: Karakana haifungwi. Safari hii hakuijaribu kwenye kompyuta yake. Aliijaribu kwenye simu ya Bi Tatu, na hakuituma kwa mwingine mpaka alipokiona kichwa cha Mzee kikitikisika.

Kwa hiyo mkiletewa kipande cha habari kilichosimama, nanyi mkataka kukimbia nacho, ulizeni kwanza kichwa kilikuwa kinasema nini. Mkono ulioganda hausemi kweli.