Jina la Binti wa Tunu

Hadithi hii kwetu husimuliwa kama ilivyotokea, bila chumvi, na anayeisikiliza hulipa kwa kutoa hukumu. Basi kaeni mkao wa kuhukumu.

Katika mji wa Kwemhanga palikuwa na ndugu wanne wa baba mmoja. Watatu walijaliwa mabinti, mmoja mmoja. Wa nne alijaliwa mwana, ndiye Mhina. Kwetu binti wa baba mkubwa au baba mdogo ni dada, hakuna neno jingine. Kwa hiyo Mhina alikuwa na dada watatu, na mkewe Tunu alikuwa na mawifi watatu. Wote watatu walifanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali ya mji, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Zulfa alijua kutunga programu za kompyuta. Akianza, chai hupoa mezani na nzi wakainywa.

Sikudhani alijua kutafuta njia. Ukimfungia mlango hakugombana na mlango, aliizunguka nyumba.

Mwajabu alijua kutunza. Alichokiweka alikikuta palepale, na kama hakipo hakulala mpaka ajue kimekwenda wapi.

Tunu alikaa miaka mingi bila mtoto. Aliposhika mimba, maabara walimpima wakamwambia kuwa damu yake ni kundi O hasi, kundi la watu wachache, na kwamba yeye hawezi kupewa damu ya kundi jingine. Jokofu la hospitali mara nyingi halikuwa nayo. Daktari akamshauri Mhina atafute wachangiaji mapema. Mhina akauliza sokoni, akauliza msikitini, lakini wengi hawakujua hata kundi lao. Tunu akawaendea mawifi zake, akawaambia kwa utani, huku mikono ikiwa juu ya tumbo:

“Nyie kutwa mnabonyeza makompyuta. Nibonyezeeni na mimi mtu mwenye damu yangu.”

Wakacheka. Zulfa ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Zulfa akatunga programu. Mtu akija hospitali kwa jambo lolote na akikubali, hupimwa kundi la damu, kisha jina lake, kijiji chake na simu yake vinaandikwa. Siku damu ikihitajika, nesi anachagua kundi tu, na programu yenyewe inawatumia wenye kundi hilo ujumbe, ikianza na walio karibu. Aliitunga nyumbani, katika kompyuta ya kuazima, na alipomaliza aliifungasha katika kontena. Msifikirie kontena la bandarini. Kontena la programu ni kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe na vyombo vyake vyote, asije akaazima mwiko kwa jirani: programu ndani, na kila inachokihitaji ndani. Bila Zulfa pasingekuwa na kitu cha kufungua.

Lakini kompyuta za ofisi zilikuwa zimefungwa. Fundi wa mashine hizo, Bwana Shemdoe, ndiye peke yake aliyekuwa na nywila ya kuingizia programu mpya, na habari za kontena hakutaka hata kuzisikia. Hakuwa mtu mbaya. Zamani kidogo mtu alichomeka flashi yenye nyimbo za harusi, na mashine zote zikaugua. Tangu hapo jibu lake lilikuwa moja. Kwenye mashine zake mtu aliruhusiwa kuandika na kusoma kurasa za intaneti, basi. Zulfa alimbembeleza, akamletea hata maandazi. Bwana Shemdoe alikula maandazi, akakataa.

Sikudhani hakumbembeleza. Aliketi akafikiri juu ya kile kilichoruhusiwa. Kama kurasa za intaneti zinafunguka, basi kontena si lazima liingie humu. Linaweza kukaa kwenye zile kompyuta kubwa za mbali zinazokodishwa, ambazo watu huziita wingu, na wao wakalitazama kupitia ukurasa. Akaomba kibali cha mganga mkuu kwa kuwa habari za wagonjwa si za kuanikwa, akakipata, akalipandisha kontena winguni na kulifunga kwa ufunguo wake. Asubuhi iliyofuata, kwenye kompyuta ileile iliyofungwa, programu ikafunguka. Bwana Shemdoe alikagua mashine nzima akitafuta kilichoingizwa. Hakukuta kitu.

“Wewe binti,” alimwambia, “mwizi wa aina yako hana hata kosa la kushtakiwa nalo.”

Bila Sikudhani programu ingebaki nyumbani, imefungashwa vizuri, haina pa kwenda.

Majina yakaanza kuandikwa. Watu walijaa kutwa, na asubuhi orodha ilikuwa tupu. Ikawa hivyo tena, na tena. Zulfa akaulaumu mtandao, Sikudhani akamlaumu Zulfa, na wote wawili wakamshuku Bwana Shemdoe, ambaye safari hii hakuwa na hatia yoyote. Mwajabu hakumlaumu mtu. Aliuliza tu nani alitoka wa mwisho jioni, na alizima nini.

Zulfa akajibu kwa fahari kwamba alizima kila kitu. Dada hao watatu walilelewa na bibi mmoja, Bibi Mwanakheri, ambaye umeme wa luku kwake ulikuwa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: hutoki chumbani bila kuzima taa. Kwa hiyo Zulfa, mtoto aliyefunzwa, kila jioni kabla ya kufunga ofisi alilizima na kontena lake huko winguni.

“Basi ndiwe unayeyamwaga,” Mwajabu akasema. “Kontena ni chumba cha gesti. Ukirudisha ufunguo wanafagia, na ulichoacha chini ya mto si chako tena. Majina yanataka ghala lake, nje ya chumba.”

Akatengeneza ghala hilo hukohuko winguni, kando ya kontena, ili kontena lizimwe na kuwashwa lakini majina yabaki. Kisha, kwa kufuata daftari la mapokezi, akawarudia wote waliokwisha kuandikwa, kijiji kwa kijiji, akiwaomba radhi na kuwaandika upya. Wengine walimcheka, kwamba hospitali imeanza kusahau wagonjwa wake. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Kaniki wa Kwemhanga, O hasi. Bila Mwajabu jina lake lingekuwa limefagiwa.

Siku ya Tunu ilipofika, ilikuwa mchana wa mvua kubwa. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, mzima, akilia. Mama yake akaanza kutokwa na damu, na haikukatika. Jokofu halikuwa na O hasi. Wakati huohuo umeme ukakatika. Jenereta ilitosha chumba cha upasuaji na maabara, na kompyuta zote za ofisi zikazimika. Lakini programu haikuwa ndani ya kompyuta zile. Nesi alitoa simu yake mfukoni, akafungua ukurasa, akachagua kundi.

Mwalimu Kaniki alikuwa darasani. Aliusoma ujumbe, akaweka chaki, akaja akiwa ameloa chapachapa. Nyuma yake wakaja wengine wawili wa kundi lilelile. Wakapimwa, wakatoa. Kabla ya adhuhuri kugeuka alasiri Tunu alifumbua macho akauliza mtoto yuko wapi. Wazee waliokuwa barazani, waliokuwa wameshaanza kunong’ona habari ya sanda, wakapiga takbiri, na hospitali nzima ikasikia vigelegele.

Daktari akawaeleza kwamba Tunu hatazaa tena. Mtoto ni huyu mmoja.

Siku ya saba ukoo ukakutana. Mhina akasema binti yake atapewa jina la aliyemwokoa mama yake, awe somo wake na mama yake wa pili. Mwalimu Kaniki aliulizwa wa kwanza, akajibu kuwa damu haidai jina. Bwana Shemdoe alikumbusha, kati ya pilau na chai, kwamba kama angewaruhusu tangu mwanzo, programu ingekuwa imezimika pamoja na mashine zake siku ile ya mvua. Ila akakiri kwamba Shemdoe si jina la msichana. Wakabaki watatu.

“Mlango na ghala,” Zulfa alisema, “vya nini, kama hakuna nyumba?”

“Nyumba isiyo na mlango,” Sikudhani akajibu, “ni kaburi, dada.”

Mwajabu alisema, “Mngeingia, mkatoka, mkakuta hamna jina hata moja la kumwita mtu.”

Wakamgeukia Tunu. Tunu akasema mawifi zake wote ni wachokozi, na wao wanamdai uhai mmoja tu, hajui amlipe nani. Wakamgeukia Bibi Mwanakheri. Bibi akasema kwetu mtoto hapewi majina matatu kama barabara ya mjini; ni jina moja, la mtu mmoja.

Nywele za mtoto zimekwisha kunyolewa. Sheikh ameinama sikioni mwake, anangoja kuambiwa alitaje jina gani. Mhina amewatazama dada zake mmoja mmoja, kisha amewageukia ninyi mliokaa hapa. Haya, mwambieni: binti aitwe nani?