Kifaru Aliyehama na Posa ya Salha

Hapo zamani, na msinikatize, si zamani ya wafalme, ni ya juzijuzi tu, katikati ya mji palikuwa na jengo la ghorofa kumi. Juu ya paa lake aliwaka kifaru wa kijani, mchana na usiku, na chini yake maneno ya taa: TUPO PALEPALE. Hao ni watu wa Bima ya Kifaru.

Nyuma ya jengo aliishi Mzee Shomari na bintiye Salha. Mtaa wao ulikuwa na jina, lakini nani alilijua? Ukiuliza njia unaambiwa, "Nenda kwa kifaru, zunguka nyuma, mlango wa buluu."

Salha akapata mchumba, Hatibu, wanapendana kweli. Mzee Shomari akampa maagizo mshenga wao, Bwana Kitwana: "Njooni Ijumaa. Mfuateni kifaru. Magharibi ikiadhiniwa hamjafika, hakuna posa!"

Sasa sikilizeni vituko. Alhamisi, Bwana Festo, mkurugenzi wa Bima, akaona benki ya jirani imewasha taa zake juu ya ghorofa kumi na mbili. Lo! Akawaamuru mafundi wake: "Mpelekeni kifaru wangu kwenye jengo letu la ghorofa ishirini, kule stendi!" Kifaru akahama usiku huohuo, na TUPO PALEPALE yake.

Ijumaa Kitwana na wazee wanne wakaingia mjini na barua ya posa. Wakamwona kifaru, wakamfuata. Wakazunguka nyuma. Mlango wa buluu hakuna, upo wa kioo. Wakaingia. Dada wa mapokezi wa Bima akawakalisha kwenye makochi, akawaletea soda. Kitwana akanong'ona, "Wakwe wana uwezo hawa!" Walipotoka, wazee wote wanne walikuwa wamekatiwa bima ya maisha, na adhana imeshapita.

Salha alilia mpaka hina ikaharibika. Mzee Shomari akaapa, "Posa siipokei mpaka mwenye kosa aje mwenyewe, apige hodi mlangoni hapa, aombe radhi!"

Festo akasema, "Mimi? Taa ni yangu. Nani alimtuma amwozeshe bintiye kwa kifaru wangu?"

Kitwana akasema, "Mimi? Nimeambiwa nimfuate kifaru, nimemfuata. Mshenga mzima niulize njia barabarani, nionekane sijui ninakokwenda?"

"Na soda tatu ulikunywa za nini?" Hatibu akamuuliza.

Salha akamgeukia babake. "Na wewe, baba, mtaa wetu unaitwaje?"

Mzee akatazama dari. "Miaka thelathini naishi hapa, sijawahi kuulizwa!"

Kiapo ameshaapa, hawezi kukimeza. Hatibu kila Ijumaa anasimama nje, na Salha yuko ndani anausikilizia mlango.

Haya, ninyi mnaocheka, nijibuni. Festo aliyemhamisha kifaru, Kitwana aliyeona haya kuuliza, au Mzee Shomari, atoke nje ajipigie hodi mwenyewe? Je, nani anastahili kugonga mlango ule, Salha aolewe?